Programu Isiyojua Mkwe

Msomaji, uliniacha chini ya meza. Wiki nzima nimejikunja humo, magoti yakigusa masikio, nyaya za modemu zikinipapasa shingoni, na vumbi la tangu ofisi ifunguliwe likinitekenya pua. Hata kikombe cha chai hukuniletea. Nilidhani sisi ni marafiki.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo likiwa limefungiwa nyama, habari yenyewe ni fupi. Mimi ni Gedion Mutugi, mkurugenzi wa kampuni changa ya intaneti hapa Kinoru, ghorofani juu ya bucha ya Mzee Kasim. Mkurugenzi mwenzangu ni Rahema, binti Kasim, anayeshika hesabu. Jumamosi hii wazee wa ukoo wangu wanatakiwa kwenda Kiritiri kuniombea Mukami, msichana ninayempenda mpaka nasahau kula. Baba yake, Mzee Ireri, ni mfanyabiashara wa mbuzi mwenye duka Embu mjini. Ni mteja wetu pia, kwa sababu mwanawe Stephen anasoma India na humwandikia imeli.

Basi tulikuwa tunachagua programu ya bili. Zilikuwa mbili.

Ya kwanza nimeipa jina Msumeno. Imetoka Nairobi, ni ghali, na siku ya malipo ikipita inakata mteja bila kuuliza ni nani. Ya pili naiita Huruma. Tuliishusha kutoka mtandaoni kwa majaribio, bure, nayo ina kidirisha kidogo ambacho ukikitia alama mteja huyo hadaiwi wala hakatwi milele. Nadhani Mzungu aliyeiandika alikiweka kwa ajili ya mtu mmoja au wawili, labda mama yake. Hakuwahi kuishi Meru.

Ili kupima jinsi zinavyoandika barua nilihitaji jina la mteja mmoja. Mtu mwenye akili angebuni jina. Mimi niliandika la Mzee Ireri, kwa sababu ukimpenda msichana hata kuchapa jina la baba yake ni raha. Msumeno ikamwandikia barua ya madai. Nikacheka, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, Ntinyari, karani wetu asiyeacha karatasi ilale kwenye printa, alikuwa ameshatia kila kitu kwenye bahasha na kuposti Embu.

Na sasa, siku chache baadaye, bakora ya Mzee Ireri ilikuwa inapanda ngazi, nami nilikuwa nimejificha chini ya meza.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mzee," Rahema akaitikia huku akitafuna njugu.

"Natafuta kijana moja anaitwa Gedion."

Nilimwangalia Rahema kutoka kule chini, nikakutanisha viganja kama mtu anayesali. Rahema akanitazama. Kisha akautazama mlango.

"Yuko chini ya meza, Mzee."

Hii ndiyo shida ya kufanya biashara na mtu mkweli.

Nikatoka kinyumenyume, makalio yakitangulia, na hiyo ndiyo salamu ya kwanza aliyoipata baba mkwe kwangu. Mkononi nilikuwa nimeshika waya ambao hata sikujua ulikuwa wa nini.

"Shikamoo, Mzee! Nilikuwa natengeneza laini."

"Marahaba. Imetengenea?"

"Kidogo."

Akaketi. Akalaza bakora magotini, akachomoa bahasha mfukoni mwa koti, akaifungua polepole. Nilitarajia karatasi moja. Zilitoka mbili.

"Hapa kuna barua mbili," alisema. "Zimetoka ofisi moja, siku moja, bahasha moja. Hii inaniambia nilipe ama nikatwe. Hii ingine inaniambia sina deni na sitakatwa mpaka nife. Sasa mimi nauliza tu. Ni gani imeandikwa na mkwe wangu?"

Ntinyari! Kumbe alikuwa amechukua na ya Huruma.

Msomaji, mimi ni mwepesi wa kuamua, hasa nikiwa nakosea. Nilirukia ile ya madai, nikaipasua vipande vipande, na ili mzee aone nimetubu kutoka moyoni, kipande kimoja nikakitia mdomoni nikakitafuna.

Mzee Ireri alinitazama mpaka nikameza.

"Umekula barua mzuri sana," alisema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nimekuja kulipa."

Akatoa kitita cha noti kilichofungwa kwa mpira, akakiweka mezani mbele ya Rahema. Rahema alikitazama kama mtu aliyeona mvua Kiritiri mwezi wa Agosti.

"Hii sasa," mzee akainua barua ya Huruma kwa ncha za vidole, "ndiyo imenitoa Embu na basi ya asubuhi."

"Lakini Mzee, hiyo imekusamehe!"

"Nani alikuambia nimeshindwa kulipa?"

Nikafungua mdomo. Karatasi ilikuwa bado imekwama kooni.

"Wewe ni mtu ya Meru, wacha nikufundishe," alisema, na sauti ilikuwa ya upole, jambo lililonitisha zaidi. "Kwetu ruracio, hiyo mahari, tunahesabu na vijiti. Mimi naweka changu, wazee wako wanaweka chao. Mpaka hiyo siku ifike sichukui kitu kwenu, sinywi maji kwenu, na mama yako simwoni kwa macho. Tukionana naye kabla, maneno imemwagika, hakuna ruracio. Hata wewe nakuona kwa sababu mimi ni mteja. Sasa Jumamosi mimi nitasema mbuzi ni kadhaa. Huyo baba yako mdogo, msemaji wenu, atakohoa. Atasema, 'Mzee, na ile intaneti umekuwa ukikula?' Halafu aweke kijiti! Mbele ya wazee wetu wa Mbeere! Watu waseme Ireri alitoa msichana kwa imeli?"

"Sikufikiria hivyo, Mzee."

"Naona."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la siku. Nilitaka kumtuliza. Nilitaka aone kwamba sikumhonga, kwamba huo ni moyo wangu wa kawaida kwa watu wote.

"Mzee, haki ya Mungu, si wewe peke yako! Nimesamehe wengi!"

"Wengi gani? Nionyeshe."

Nikamgeuzia skrini ya Huruma kwa fahari, kama mkulima anayeonyesha shamba lake. Nilichosahau ni kwamba Rahema naye ana macho. Akaacha njugu zake, akainama juu ya bega la mzee, akaanza kusoma.

"Gedion, hizi alama ni za nini?"

"Ni... za majaribio."

"Pasta yuko hapa. Wa kanisa lenu?"

"Huyo ni mtumishi wa Mungu, Rahema."

"Mwalimu Alice?"

"Alinifundisha kusoma."

"Jamaldin wa spea?"

"Aliniazima baiskeli, zamani."

"Na huyu daktari wa mifugo?"

"Alitibu ng'ombe wetu."

"Akapona?"

"Alikufa. Lakini daktari alijitahidi."

Rahema akaendelea kushuka na orodha, na kadiri alivyoshuka ndivyo sauti ilivyopanda.

"Kasim... Gedion! Huyu ni baba yangu!"

"Ni mwenye nyumba. Niliona ni heshima."

"Baba yangu kodi ya hii ofisi ikichelewa anatia kufuli mlangoni, na mimi niko ndani!" Akavuta pumzi. "Kwa hiyo ile bonasi ya wakulima wa chai ni uongo. Kila nikikuuliza mbona watu hawalipi, unaniambia watalipa bonasi ikitoka."

"Bonasi itatoka."

"Jamaldin hana hata mche mmoja wa chai! Anauza spea!"

Mzee Ireri aliuliza swali ambalo mtu mwingine yeyote angeliacha lipite.

"Ambaye hana alama ni nani?"

Nikajifanya natafuta. Hakukuwa na haja ya kutafuta sana. Katika wateja wote wa Meru na Embu, kutoka Mitunguu hadi Kiritiri, jina lisilo na alama lilikuwa moja.

"Rahema Kasim," Rahema akasoma. "Laini ya nyumbani."

Akanigeukia.

"Nilikuogopa," nikasema. "Ningekutia alama ungeiona."

"Kila mwezi nalipa," alisema taratibu. "Najiandikia risiti mwenyewe, najiambia asante mwenyewe. Kumbe intaneti ya wilaya mbili nailipa mimi."

Mpaka hapo nilikuwa bado natafuta mzaha wa kujiokoa. Haukuja. Rahema aliuza bangili za marehemu mama yake ili tununue modemu za kwanza, na siku ile aliniambia zilikuwa zinambana mkono tu. Niliona aibu ya kweli. Moyo wangu mwema wote ule nilikuwa naugharimia kwa mali ya mtu mwingine.

"Pole, msichana," Mzee Ireri akamwambia.

Kabla sijasema lolote, mlango ukasukumwa. Aliingia Felicitas, wakala wa Msumeno kutoka Nairobi, mwenye viatu vya kisigino na haraka isiyoisha.

"Niaje watu wa Meru? Leo ni moja kati ya mbili. Mnanipea cheki ama mnanipea ufunguo wangu nirudi nao Nairobi. Gari yangu inatoka saa nane."

Ufunguo aliosema ni kidude kama kiberiti kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Bila hicho Msumeno haifunguki.

"Felicitas, tupe wiki moja tu," nikasema.

"Gedion, hiyo wiki moja uliniomba Agosti. Hii ni Oktoba. Mwaka wa tisini na nane unaisha na wewe bado unachagua!"

Mzee Ireri akamgonga kiatu kwa bakora, polepole.

"Wewe msichana. Hiyo kitu yako inajua mtu?"

"Inajua namba ya mteja pekee, Mzee."

"Inajua muthoni?"

"Inajua nini?"

"Mkwe," Rahema akamfasiria.

"Haijui hata mama yake, Mzee."

Kwa mara ya kwanza tangu apande ngazi, Mzee Ireri alitabasamu.

"Hiyo ndiyo mzuri," alisema, akanigeukia. "Kijana, sikiza. Mimi nauzia ndugu yangu mbuzi na mkopo. Siku ikifika hajalipa, mbuzi inarudi boma. Na Krismasi tunakula pamoja. Jumamosi mimi niko tayari kufungua geti. Lakini nataka kufungulia mtu anaweza kudai. Mtu hawezi kudai, msichana wangu atakula nini? Chagua hiyo inakata, saa hii, nikiona. Ukichagua ile ingine, geti yangu iko na kufuli."

Nikamgeukia Rahema.

"Ungekuwa wewe, ungechagua gani?"

"Mimi? Mimi ni mteja tu."

Msomaji, wapo mashujaa waliochagua kati ya uhai na mauti. Mimi nilichagua kati ya programu mbili za bili, na jasho lilinitoka mpaka soksini. Nilimfikiria Mukami. Niliwafikiria wote wenye alama, mmoja mmoja, jinsi watakavyonitazama kanisani. Kisha nikaona ule mkono wa Rahema usio na bangili.

"Weka Msumeno," nikasema.

Rahema akaandika cheki bila kuniangalia. Felicitas akachomeka kidude chake, akapiga vitufe, akanisogezea kibodi.

"Ukibonyeza hapa imeshika kazi. Haina kidirisha cha mtu wa nani. Wote ni sawa."

Nikafumba macho nikabonyeza.

Kwenye rafu zilipokaa modemu, taa nyekundu zilikuwa zinapepesa kama kawaida. Ya kwanza ikazima. Ikafuata ya pili, halafu ya jirani yake, mpaka rafu nzima ikawa giza isipokuwa taa moja. Hiyo ilikuwa ya nyumbani kwa Rahema, kwa sababu noti za Mzee Ireri zilikuwa bado hazijaingizwa.

Kisha simu ikalia.

"Ndugu Gedion," ilikuwa sauti ya pasta, "adui ameingia kwa laini."

"Pasta, ni bili."

"Bili gani?"

"Ya kuanzia Mei."

"Basi tuiweke katika maombi."

"Mwambie amina," Rahema alisema kutoka mezani kwake, "na alipe."

Nilipoweka mkono wa simu chini ikalia tena. Safari hii ilikuwa Mitunguu. Ilikuwa sauti ya baba mdogo Kithinji, ndugu wa marehemu baba, muuza ndizi na msemaji wa ukoo. Yeye ndiye aliyekuwa aniongelee Kiritiri. Kwa mila za kwetu na za kwao mwenye kuoa hafungui mdomo siku hiyo. Anaketi nyuma ya wazee na kuhesabu siafu.

"Gedion! Nimekatwa katikati ya barua! Lori ya ndizi iko njiani na mnunuzi wa Nairobi hajaambiwa! Rudisha haraka."

Sasa nikautambua ule waya niliotoka nao chini ya meza. Ulikuwa wa kuunganisha kompyuta ya Huruma na modemu. Ningeuchomeka tu, Huruma ingeshika usukani, taa zote zingewaka, na baba mdogo angemaliza barua yake. Nilikuwa nao mkononi. Felicitas alinitazama. Rahema alinitazama. Mzee Ireri alitazama waya.

"Baba," nikasema, "lipa kwanza."

"Unasema?"

"Ulipe, Baba. Kila mtu sasa analipa. Hata mzee wa Kiritiri amelipa."

Nilisikia akihema.

"Nilikubeba mgongoni siku ya mazishi ya baba yako," alisema. "Haya. Jumamosi hao wazee wa Kiritiri uongee nao wewe."

Akakata. Nikauweka ule waya kwenye droo, nikaifunga.

"Huyo ndiye alikuwa msemaji?" Mzee Ireri akauliza.

"Ndiye."

"Pole. Bila msemaji, hata nikifungua geti hakuna mtu wa kupita." Akafikiri kidogo huku akikuna kidevu kwa kichwa cha bakora. Kisha akanyoosha bakora hiyo hiyo kumwelekea Rahema. "Lete huyu."

"Mimi?" Rahema akaruka. "Mzee, mimi ni mwanamke, ni Mwislamu, na isitoshe huyu kijana wako nimemkasirikia mpaka hapa!"

"Hiyo ya tatu ndiyo nataka. Wasemaji wote wanakuja kudanganya kwa sababu wanapenda kijana. Wewe umelipia watu wote na hukujiimbia sifa. Ukisema kitu, mimi naamini."

Rahema alinipima kwa macho kuanzia viatuni.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini wakiniuliza tabia zako, nitasema."

"Zote?"

"Zote. Kuanzia hapo chini ya meza."

Mimi nikaona hiyo ni neema. Nilikuwa nimepoteza pasta, mwalimu, mwenye nyumba na baba mdogo kabla ya chakula cha mchana, lakini geti la Kiritiri lilikuwa bado wazi. Nikaanza hata kutabasamu. Ningekuwa na akili ningejua kwamba mimi nikitabasamu, kuna kitu kinapanda ngazi.

"Gedion! Wewe Gedion!"

Mzee Ireri akasimama wima. "Huyo ni nani?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Ilikuwa Jumanne, na kila Jumanne yeye hutoka Mitunguu na ndizi zangu, akapitia ofisi ya kanisa hapo jirani, ilipo kompyuta ya kikundi chao cha akina mama. Kikundi ambacho nilikitia alama kabla ya wote.

"Ni mama," nikasema.

"Mama gani?"

"Mama yangu mzazi, Mzee."

Sijawahi kuona mfanyabiashara wa mbuzi akibadilika rangi. Akatazama mlango, nao ndio huo mmoja. Akatazama dirisha, na chini ya dirisha kulikuwa na mbuzi wa Kasim wametundikwa kwenye ndoano. Akanitazama mimi kwa chuki. Kisha, mzee yule wa watu, aliyekataa hata maji ya kwetu, akakunja koti, akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Aliingia kwa ustadi kuliko mimi. Rahema akasogeza kiti, akaachia sketi yake ndefu izibe pengo, akarudia njugu.

Mama akaingia na mkungu wa ndizi mgongoni, kamba ikiwa utosini. Akautua juu ya meza, puh! Vumbi likanyunyizika chini.

"Nani amekata akina mama?"

"Mama, ni programu. Si mimi."

"Nani ameiweka?"

"Ni mimi."

"Sasa si ni wewe!" Akajifuta jasho kwa leso. "Tulikuwa tunaandikia wageni wetu barua, ikapotea yote. Nikaambiwa, eti mama mwenyekiti, kijana yako anasema tunadaiwa."

"Kila mtu analipa sasa, Mama. Kampuni inakufa. Nilikuwa nawasamehe watu kwa mali ya Rahema."

Hilo lilimtuliza kidogo. Alimtazama Rahema, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Kisha akaketi juu ya sanduku la modemu na kuchuma ndizi moja kwenye mkungu. Aliigeuza mkononi.

"Sawa, tutalipa," alisema. "Deni ni deni. Lakini hebu niulize. Hii ndizi nakuletea tangu ukiwa chuo. Nauli yangu, mgongo wangu. Ushawahi kuona barua yangu ya kukudai?"

"Hapana, Mama."

"Na mimi nikikuandikia bili, mwana wakwa, utalipa na nini?"

Rahema aliacha kutafuna. Felicitas, ambaye gari lake lilikuwa karibu kuondoka, hakusogea. Msumeno ina jibu la kila kitu isipokuwa swali hilo. Machozi yalinilenga, nikageuka kuangalia modemu kana kwamba zinahitaji kuangaliwa.

Lakini mama si mtu wa kuacha huzuni ikae muda mrefu bila kuipa mtu wa kulaumiwa.

"Hii si roho yako," alisema, sauti ikipanda. "Umefundishwa. Ni yule mzee wa Kiritiri, si ndiyo? Nimesikia habari yake sokoni. Mtu ananyang'anya ndugu yake mbuzi halafu anamwalika Krismasi kuikula! Huyo ndiye anakufundisha kukata mama yako?"

"Mama, tafadhali, polepole."

"Polepole ya nini? Namwogopa?" Akapiga meza kwa kofi zito. Mkungu ukaruka. Vumbi likashuka tena, zito zaidi, na mimi ninayelijua vumbi lile nikafumba macho. "Jumamosi nitaenda mwenyewe na hao wazee! Wacha anisikie huko aliko!"

Kutoka chini ya meza mtu akapiga chafya.

Mama akanitazama. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Akamtazama Rahema, akamtazama Felicitas, akaitazama ncha ya bakora iliyochomoza kando ya sketi.

Kisha akaweka ndizi chini, akashika ukingo wa meza, akaanza kuinama.